Kukataa au Kushindwa: Stadi za Kufikiri na Kufanya Uamuzi kwa Watu Wenye Maradhi ya Ulaji

Ikisiri

Makala hii inaeleza uhusiano uliopo kati ya maradhi ya ulaji na stadi za kufikiri na kufanya uamuzi. Swali linaloongoza mjadala ni hili: mtu mwenye maradhi hayo anapoacha chakula hadi maisha yake yakawa hatarini, au anapokila kwa wingi pasipo kuweza kuacha, je, ameamua kufanya hivyo? Kwa kupitia tafiti zilizokwisha kuchapishwa, makala inachambua stadi nne: kubadili mwelekeo wa fikra, kuona jambo kwa ujumla wake, kupima faida na hasara, na kujizuia. Aidha, inatenganisha kile kinacholetwa na njaa na kile kinachoweza kuwa kimeutangulia ugonjwa. Inahitimishwa kwamba mgonjwa huweza kubaki na uwezo mzuri wa kufikiri katika mambo mengi ilhali uamuzi wake kuhusu chakula umebanwa na njaa, hofu na mazoea. Kwa hiyo lugha ya "kukataa kula" haitoshi kueleza hali yake. Wala upungufu huo hautoshi kumwondolea haki ya kusikilizwa.

Maneno msingi: maradhi ya ulaji, anoreksia, bulimia, unyumbufu wa fikra, uamuzi, ridhaa ya matibabu

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha kila siku, mtu asiyekula huelezwa kwa vitenzi vya hiari. Husemwa kwamba amekataa kula, amegoma kula, au amesusa. Vitenzi hivi vina jambo moja linaloviunganisha: vyote humchukulia asiyekula kuwa mtu mwenye nia, aliyepima mambo akachagua. Kususa, hasa, ni kitendo kinachoelekezwa kwa watu wengine. Anayesusa hutarajia kubembelezwa, na ndiyo maana jamii ikawa na jibu lake tayari: ukisusa, wenzio twala. Mantiki ya jibu hilo ni kwamba mtu akiachwa, njaa itamrudisha mezani.

Katika maradhi ya ulaji mantiki hiyo haifanyi kazi. Mgonjwa wa anoreksia akiachwa, njaa haimrudishi mezani. Mara nyingi humsogeza mbali zaidi. Hata hivyo, dhana ya kukataa haikuwa ya lugha ya mtaani peke yake. William Gull wa Uingereza na Charles Lasègue wa Ufaransa, ambao mwaka 1873 walieleza ugonjwa huu kila mmoja kwa njia yake, wote walitafuta chanzo chake katika hali ya nafsi ya mgonjwa. Mwongozo wa ubainishaji wa magonjwa ya akili unaotolewa na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani nao uliendelea kutaja, katika kigezo chake cha kwanza cha anoreksia, "kukataa" kudumisha uzito wa kawaida. Neno hilo liliondolewa katika toleo la tano la mwaka 2013, na mahali pake pakawekwa maelezo ya kuzuia au kupunguza kiasi cha nishati kinachoingia mwilini. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini lina maana kubwa: kigezo cha zamani kilimtaka daktari ahukumu nia ya mgonjwa, ilhali kipya kinamtaka aeleze tu kinachotendeka.

Umuhimu wa suala hili unaonekana katika vifo. Uchambuzi wa Arcelus na wenzake (2011), uliojumlisha tafiti nyingi, ulibaini kwamba kiwango cha vifo miongoni mwa watu wenye anoreksia kilikuwa karibu mara sita ya kile cha watu wa umri na jinsia kama yao katika jamii, na kwamba takriban kifo kimoja kati ya vitano kilitokana na kujiua. Mtu akifa kwa sababu ya jambo ambalo wote waliomzunguka waliliona kuwa ni ukaidi, swali la kama kweli aliamua linakuwa swali la tiba, la sheria na la maadili kwa wakati mmoja.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Maradhi ya ulaji ni jina la jumla. Makala hii inashughulikia matatu. La kwanza ni anoreksia, ambapo mtu hupunguza chakula hadi uzito wake ukawa chini mno kuliko inavyostahili kwa umri, jinsia na hali yake ya kiafya, huku akiwa na hofu ya kunenepa au akitenda mambo yanayozuia uzito usiongezeke. La pili ni bulimia, iliyoelezwa na Gerald Russell mwaka 1979, ambapo mtu hula chakula kingi kwa muda mfupi bila kujimudu, kisha akatafuta kukiondoa kwa kujitapisha, kwa dawa za kuharisha, kwa kufunga au kwa mazoezi ya kupindukia. La tatu ni ulaji wa kupindukia usiofuatiwa na hatua hizo za kuondoa chakula. Hili lilipewa nafasi kamili katika mwongozo uliotajwa mwaka 2013.

Stadi za kufikiri, kwa maana inayotumika hapa, si sawa na wingi wa akili. Watu wenye anoreksia kwa kawaida hawana upungufu wa akili wanapopimwa kwa vipimo vya jumla, na wengi hufanya vizuri shuleni na kazini. Kinachozungumziwa ni namna akili inavyoendeshwa: kuacha kanuni iliyopitwa na wakati na kushika mpya, kuunganisha vipande vikawa kitu kizima, kulinganisha manufaa ya sasa na madhara ya baadaye, na kusimamisha tendo ambalo limekwisha kuanza kujisukuma. Mtu anaweza kuwa hodari wa hesabu na bado akakwama katika mojawapo ya stadi hizo.

3.0 Stadi Nne Katika Maradhi ya Ulaji

3.1 Kubadili mwelekeo wa fikra

Kipimo kinachotumiwa sana katika eneo hili ni kile cha kupanga kadi kilichobuniwa Wisconsin, Marekani, katika miaka ya 1940. Mpimwaji huwekewa kadi nne za mfano, kisha hupewa kadi nyingine moja baada ya nyingine azilinganishe na zile nne. Hajaelezwa kanuni, huambiwa tu "sawa" au "si sawa". Kanuni inaweza kuwa rangi, umbo au idadi ya alama. Akishapata majibu sahihi 10 mfululizo, kanuni hubadilishwa bila taarifa. Kinachopimwa hasa ni makosa ya kung'ang'ania: mara ngapi mtu anaendelea kufuata kanuni ya zamani ingawa ameambiwa si sahihi.

Mapitio ya Roberts na wenzake (2007) yalionyesha kwamba, kwa jumla, watu wenye maradhi ya ulaji hupata ugumu zaidi katika vipimo vya aina hii kuliko watu wasio na maradhi hayo. Ugumu huo ni wa kadiri; si kila mgonjwa anao, na kwa vijana wa umri wa balehe ushahidi ni dhaifu kuliko kwa watu wazima. Utafiti wa Holliday na wenzake (2005) uliongeza jambo muhimu: dada wa wagonjwa wa anoreksia, ambao wenyewe hawakuwa na ugonjwa, nao walionyesha ugumu wa namna hiyo. Matokeo hayo yalizua hoja kwamba ugumu wa kubadili mwelekeo unaweza kuwa sifa inayopitia katika familia na kumweka mtu katika hatari kabla ya ugonjwa kuanza.

Katika maisha ya kila siku, stadi hii huonekana pale kanuni iliyowekwa kwa sababu fulani inapoendelea kutii nafsi yake. Mathalani, msichana anaweza kuanza kuacha mafuta katika chakula ili apungue kilo chache. Kilo hizo zikishapungua, sababu imekwisha, lakini kanuni haiondoki. Mama yake anapomweleza kwamba sasa ameshapungua vya kutosha, maelezo hayo yanaeleweka. Kinachoshindikana ni kuyafanya yawe kanuni mpya.

3.2 Kuona sehemu na kuona jumla

Stadi ya pili huchunguzwa kwa mchoro tata uliobuniwa na André Rey mwaka 1941 na kuendelezwa na Paul Osterrieth mwaka 1944. Mtu huonyeshwa mchoro wenye mstatili mkubwa, mistari inayokatana ndani yake na viambajengo vingi vidogo, akaombwa aunakili. Baadaye huombwa auchore tena kwa kumbukumbu. Wapo wanaoanza na mstatili mkubwa kisha wakajaza vya ndani. Wengine huanza na kijisehemu kimoja pembeni na kusonga kidogo kidogo, na mara nyingine mchoro wao hukosa uwiano ingawa kila kijisehemu kimechorwa kwa uangalifu mkubwa.

Lopez na wenzake (2008), katika mapitio yao, walieleza kwamba watu wenye maradhi ya ulaji huelekea kufuata njia ya pili. Huu si udhaifu mtupu. Kuona vijisehemu kwa makini ni kipaji katika uhasibu, ushonaji na kazi za maabara. Hata hivyo, kipaji hicho kikielekezwa kwenye mwili, mtu huona paja, tumbo au shavu, asimwone mtu mzima mwenye paja hilo. Kikielekezwa kwenye chakula, huona kijiko cha mafuta kilichotiwa kwenye mchuzi, asiione siku nzima ambayo hakula kitu kingine.

3.3 Kupima faida na hasara

Mwaka 1994, Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao wa Chuo Kikuu cha Iowa walieleza kipimo cha uamuzi kinachofanana na mchezo wa kamari. Mpimwaji hupewa mafungu manne ya kadi na mkopo wa fedha za kuigiza. Mafungu mawili hutoa dola 100 kwa kila kadi, lakini katika kila kadi 10 huleta hasara ya jumla ya dola 1,250. Mawili mengine hutoa dola 50 tu kwa kila kadi, na hasara yake katika kadi 10 ni dola 250. Kwa hesabu hiyo, mafungu yenye zawadi kubwa humpotezea mtu dola 250 kwa kila kadi 10, na yenye zawadi ndogo humwongezea kiasi hichohicho. Watu wengi, baada ya kuchagua kadi kadhaa, huanza kuyaepuka mafungu ya hasara hata kabla hawajaweza kueleza kwa nini.

Cavedini na wenzake (2004) walitumia kipimo hiki kwa watu wenye anoreksia na kubaini kwamba wengi wao waliendelea kuchagua mafungu yenye faida ya haraka na hasara ya baadaye. Matokeo yanayoelekea huko yamepatikana pia kwa watu wenye bulimia, ingawa ukubwa wa tofauti hubadilika kutoka utafiti mmoja hadi mwingine.

Matokeo hayo yanaonekana kupingana na jambo linalofahamika kuhusu anoreksia, yaani uwezo wa mgonjwa wa kuahirisha raha. Steinglass na wenzake (2012) waliwapa wagonjwa chaguo kati ya fedha kidogo sasa na fedha nyingi baadaye, na kwa wastani wagonjwa waliokuwa na uzito mdogo walipendelea kusubiri kuliko watu wa kundi la kulinganisha. Tafiti nyingine hazikupata tofauti hiyo. Mkinzano unapungua iwapo itazingatiwa kwamba kwa mgonjwa mwenyewe, kutokula si kuahirisha raha. Kuruka mlo humpa nafuu papo hapo: wasiwasi unatulia na anahisi ameshinda. Madhara, yaani moyo kudhoofika, mifupa kupungua uimara na hedhi kukoma, huja polepole. Kwa kipimo hicho, mlo ulioachwa unafanana na kadi ya dola 100.

3.4 Kujizuia

Katika bulimia na ulaji wa kupindukia, tatizo linaloonekana zaidi ni kusimamisha tendo. Hata hapa, maelezo ya "ulafi" hayatoshi. Katika jaribio la Herman na Mack (1975), wanafunzi wa kike walipewa maziwa yaliyochanganywa na aiskrimu, wengine glasi moja, wengine mbili, na wengine hawakupewa. Kisha wakaombwa waonje aiskrimu na kula kadiri walivyotaka. Wale ambao hawakuwa na desturi ya kujinyima walikula aiskrimu kidogo zaidi kila walipokuwa wameshakunywa maziwa. Waliozoea kujinyima walifanya kinyume: wakishakunywa, walikula zaidi.

Jaribio hilo linaonyesha kwamba kupoteza udhibiti kunaweza kuwa tunda la udhibiti wenyewe. Mtu aliyejiwekea kanuni isiyo na nafasi ya kosa, akishaivunja kwa tonge moja, huona siku yote imeharibika na kwamba hakuna tena cha kulinda. Heatherton na Baumeister (1991) waliongeza kwamba ulaji wa kupindukia huweza kuwa njia ya kuikimbia nafsi: mawazo hufinywa hadi yakabaki kwenye utafunaji tu, na hukumu kali ambayo mtu hujihukumu nayo hunyamaza kwa muda. Uamuzi wa aina hii hufanywa chini ya hisia nzito, na ndipo uwezo wa kujizuia unapokuwa mdogo zaidi.

4.0 Njaa na Fikra

Swali la msingi katika taaluma hii ni iwapo upungufu uliotajwa ni chanzo cha ugonjwa au ni matokeo yake. Ushahidi mkubwa kuhusu njaa yenyewe ulitoka kwa watu ambao hawakuwa na maradhi ya ulaji. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwalisha vijana 36 wenye afya, waliokataa kupigana vitani kwa sababu za dhamiri, chakula pungufu kwa wiki 24, hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Lengo lilikuwa kujifunza namna ya kuwalisha upya watu walioathiriwa na njaa ya vita. Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 1950.

Vijana wale walibadilika. Walizungumza na kuota kuhusu chakula. Baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Walikata chakula vipande vidogo, wakakila polepole, wakalamba sahani. Walijitenga, wakawa wepesi wa hasira na huzuni, na wakalalamika kwamba hawawezi kukaza fikra. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba vipimo rasmi vya akili havikuonyesha kushuka kwa maana. Chakula kilipoanza kurudishwa, baadhi yao walikula kwa wingi bila kujimudu.

Mambo mawili yanatokana na jaribio hilo. Kwanza, sehemu kubwa ya mwenendo unaochukuliwa kuwa tabia ya mgonjwa, kama vile kukatakata chakula, kujitenga na kufikiria chakula mchana kutwa, ni mwenendo wa binadamu yeyote mwenye njaa ya muda mrefu. Pili, mtu anaweza kufaulu kipimo cha akili na bado fikra zake zikawa zimetekwa. Tafiti za picha za ubongo zinaliunga mkono jambo la kwanza: ubongo wa mgonjwa wa anoreksia mwenye uzito mdogo hupungua ujazo, na upungufu huo huwa mdogo zaidi kwa wale ambao uzito wao umeanza kurejea. Hata hivyo, njaa haielezi yote. Vijana wa Minnesota walitamani kula. Walipopewa chakula walikila. Kinachobaki kuelezwa ni kwa nini mgonjwa wa anoreksia, mwenye njaa kama wao na chakula kikiwa mbele yake, hafanyi hivyo.

5.0 Kutoka Uamuzi hadi Mazoea

Maelezo yaliyopata uzito katika miaka ya karibuni ni ya Walsh (2013), kwamba anoreksia huanza kama tendo lenye lengo na kuishia kuwa mazoea. Mwanzoni kupunguza chakula huleta zawadi: sifa, nafuu ya wasiwasi, hisia ya kujiweza. Tendo likirudiwa mara nyingi katika mazingira yaleyale, huhama kutoka katika mfumo wa ubongo unaopima malengo na kuingia katika mfumo unaoendesha mazoea. Hapo zawadi inaweza kukoma na tendo likaendelea.

Foerde na wenzake (2015) walilipima wazo hilo. Wagonjwa wa anoreksia na watu wa kulinganisha walichagua vyakula wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Wagonjwa waliviepuka vyakula vyenye mafuta mengi zaidi, na uchaguzi wao ulihusishwa zaidi na utendaji wa striata ya juu, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na mazoea. Zaidi ya hayo, utendaji huo ulihusiana na kiasi cha chakula walichokula kweli katika mlo wa siku iliyofuata.

Iwapo maelezo haya ni sahihi, basi swali la "kwa nini ameamua hivi?" huulizwa kwa kuchelewa. Uamuzi ulikuwapo, pengine miezi au miaka iliyopita, na ulikuwa mdogo kuliko matokeo yake. Kinachoonekana leo mezani ni mabaki ya uamuzi ule, yanayojiendesha. Hii ndiyo sababu hoja, maonyo na hata machozi ya wazazi huwa na nguvu ndogo: vyote hivyo hulenga mfumo wa malengo, ilhali tendo limekwisha kuhamia kwingine.

6.0 Uwezo wa Kukubali au Kukataa Matibabu

Mjadala wa stadi za uamuzi hupata ukali wake kamili pale mgonjwa mwenye uzito wa kutisha anaposema hataki matibabu. Katika sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kiakili, mtu mzima huchukuliwa kuwa na uwezo wa kuamua hadi ithibitike vinginevyo, na uamuzi usio wa busara si uthibitisho peke yake. Uwezo hupimwa kwa mambo manne: kuelewa taarifa, kuishika akilini, kuitumia na kuipima, na kuwasilisha uamuzi.

Tan, Hope na Stewart (2003) waliwahoji wagonjwa vijana wa anoreksia na kuwapima kwa kipimo rasmi cha uwezo wa kuridhia matibabu. Wengi walifanya vizuri: walielewa ugonjwa, walieleza hatari, walifuata hoja. Tatizo lilijitokeza kwingine. Kwa baadhi yao thamani ya mambo ilikuwa imegeuka, hata ulemavu na kifo vikapungua uzito mbele ya wembamba. Na wengine waliuona ugonjwa kuwa sehemu ya utu wao, kiasi kwamba kupona kulimaanisha kupoteza nafsi. Kipimo kilichojengwa juu ya uelewa hakikuweza kuliona jambo hilo, kwa kuwa uelewa haukuwa umepotea.

Hapa pana hatari mbili zinazotazamana. Daktari akitegemea uelewa pekee, anaweza kumwacha mgonjwa afe kwa jina la uhuru wake. Akichukulia kwamba kila asemacho mgonjwa wa anoreksia ni sauti ya ugonjwa, anamnyima nafasi ya kutoa ridhaa hata katika mambo ambayo anaweza kuyaamua vizuri, kama vile atibiwe wapi na nani awe karibu naye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasisitiza katika ibara yake ya 12 kwamba mtu apewe msaada wa kutumia uwezo wake wa kisheria. Kwa maradhi ya ulaji, msaada huo huanza na chakula chenyewe. Kumlisha mgonjwa hadi fikra zake zikapata nafasi ni sehemu ya kumrudishia uwezo wa kuamua. Hata hivyo, mpaka kati ya kusaidia na kulazimisha unapaswa kuchorwa upya kwa kila mgonjwa na kwa kila uamuzi.

7.0 Muktadha wa Afrika Mashariki

Tafiti nyingi zilizorejelewa hapo juu zilifanyika Ulaya na Marekani. Kuzihamishia matokeo yake Afrika Mashariki kunahitaji tahadhari, ingawa si kweli kwamba maradhi haya hayapo. Eddy, Hennessey na Thompson-Brenner (2007) walichunguza dalili za maradhi ya ulaji miongoni mwa wanawake wa Tanzania na kuzihusisha na kiwango chao cha kukutana na vyombo vya habari vya Magharibi.

Tatizo la kwanza ni la ubainishaji. Katika jamii ambamo kunawiri ni sifa, mtu anapokonda, mambo yanayofikiriwa kwanza ni kifua kikuu, UKIMWI, kisukari au husuda. Vipimo vikirudi safi, hubaki maelezo ya ukaidi. Vilevile, sababu anazozitoa mgonjwa mwenyewe zinaweza zisifanane na zile za vitabuni. Bennett na wenzake (2004) waliwabaini wanafunzi wa sekondari nchini Ghana waliojinyima chakula hadi wakakonda sana, lakini hawakuzungumzia hofu ya unene. Walizungumzia dini na kujitawala. Daktari anayesubiri kusikia neno "mnene" hatawaona wagonjwa wa namna hii.

Suala la saumu linastahili kuangaliwa kwa uangalifu katika pwani na visiwani. Saumu ni uamuzi kamili: ina nia, ina mwanzo na mwisho, ina daku na futari, na Uislamu unamruhusu mgonjwa asifunge. Anayefunga hutarajia kufuturu, na hufuturu pamoja na wengine. Mtu mwenye anoreksia huweza kujificha ndani ya saumu, lakini magharibi ikiingia tofauti hujitokeza: mkono haufiki kwenye tende. Mfano huu unaonyesha kwa wepesi zaidi kuliko vipimo vingi tofauti iliyopo kati ya kujizuia kwa hiari na kushindwa kuacha kujizuia.

Tatizo la pili ni la vipimo. Kipimo cha kadi na cha mchoro hutegemea mazoea ya shule. Kipimo cha kamari hutegemea mtazamo wa fedha na bahati, na kwa baadhi ya waumini mchezo wa kamari wenyewe ni haramu. Kuvitafsiri hakutoshi. Inahitajika kwanza kujua watu wenye afya wa eneo hilohilo, wa elimu na umri unaofanana, wanavifanyaje.

8.0 Athari kwa Matibabu

Tiba ya kunoa stadi za kufikiri, iliyoendelezwa kwa ajili ya anoreksia na Kate Tchanturia na wenzake wa London, haizungumzii chakula wala uzito. Katika vikao takriban 10, mgonjwa hufanya mazoezi mepesi, kwa mfano kufupisha barua ndefu kwa sentensi moja au kubadili njia ya kwenda kazini, kisha akajadili namna anavyofikiri. Wagonjwa wengi huipokea vizuri kwa sababu haiwashambulii, ingawa tafiti za kulinganisha hazijakubaliana kuhusu kiasi inachobadilisha stadi zenyewe au dalili za ugonjwa. Kwa bulimia na ulaji wa kupindukia, tiba ya fikra na mwenendo kama ilivyoendelezwa na Christopher Fairburn wa Oxford huanza na milo ya kawaida kwa saa maalumu. Hatua hiyo inapatana na jaribio la mwaka 1975: palipo na njaa ndogo na kanuni zisizo kali, sababu za kupoteza udhibiti hupungua.

Kwa vijana wanaoishi na wazazi, tiba ya familia huwataka wazazi washike kwa muda maamuzi yote ya chakula, kisha wayarudishe kwa mtoto polepole kadiri anavyopata nguvu. Wazazi huelezwa tangu mwanzo kwamba mtoto hakuuchagua ugonjwa. Tiba hii inatambua kwamba uwezo wa kuamua unaweza kupotea katika jambo moja, ukaazimwa kutoka kwa watu wa karibu, na ukarejeshwa. Katika jamii ambamo shangazi, bibi na dada wakubwa hushiriki malezi, wahusika wa tiba hiyo wapo. Wanachohitaji ni maelezo sahihi ya kinachomsibu mtoto wao.

9.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba maradhi ya ulaji huambatana na ugumu wa wastani katika kubadili mwelekeo wa fikra, kuona jumla, kupima matokeo na kujizuia. Sehemu ya ugumu huo huletwa na njaa na hupungua uzito unaporejea. Sehemu nyingine huenda ilikuwapo kabla. Juu ya hayo, mazoea hulichukua tendo lililoanza kwa hiari na kuliendesha bila hiari, na thamani ya mambo hugeuka ilhali uelewa umebaki.

Matokeo haya yanawataka watafiti wa Afrika Mashariki wafanye mambo mawili kabla ya kukopa vipimo: kukusanya, kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo, maelezo ya wagonjwa na familia kuhusu kinachotokea wakati wa mlo; na kuweka viwango vya watu wenye afya wa mahali hapo. Kwa wahudumu wa afya, jambo la kuanza nalo liko katika kuandika historia ya mgonjwa. Faili linalosema "anakataa kula" limeshatoa hukumu. Linalosema "hajala tangu juzi, anasema anaogopa, ameshika kijiko mara tatu akakiweka chini" limeacha nafasi ya kuuliza.